Bakuli la Kuku

Mama Chenge aliniuliza kwenye foleni ya maji, mbele ya watu: "Kuku wako wamekula, Mama Selina?"

"Wamekula," nikamjibu.

"Wote?"

"Wote. Hawajabakiza punje."

"Basi Mungu ashukuriwe. Leo niliwachanganyia dawa. Kideri kimeingia hapa Kiseke, kwa yule mama wa kona wamekufa kumi na wawili. Nikasema wa kwako wasipotee."

Nikamwambia wabeja, kwa sababu mdomo wangu ulishazoea kumshukuru. Ndoo yangu ilikuwa haijajaa. Niliibeba hivyo hivyo nikaondoka.

Nina kuku watatu, hilo ni kweli. Lakini tangu binti yangu Selina aende Kahama kupika kwenye mgahawa, akaniachia Yeremia, mwanawe wa miaka miwili, makombo ninayoomba kwa jirani hayaliwi na kuku. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba, ulimi ulikataa kusema mtoto. Nikasema kuku. Kwa Mama Chenge wanakula watu tisa, na mumewe anauza ng'ombe mnadani. Hakuniuliza zaidi. Kila mchana aliniwekea bakuli la plastiki la bluu juu ya ukuta.

Na kiporo nakijua. Ugali wa jana naumega, nauchemsha na maziwa kidogo mpaka unalainika kama uji. Kichwa cha sangara nakichambua kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, nachanganya na viazi. Wali nauponda na unga wa dagaa niliosaga mwenyewe. Kila kitu nakichemsha upya, na kilichoanza kunuka ndicho kinachokwenda kwa kuku. Kabla ya kumlisha nafumba macho: Bwana, bariki chakula hiki, kisimdhuru. Yeremia husema "Amina" kabla sijamaliza.

Siku hiyo wali ulikuwa wa njano. Nilifurahi. Nilidhani ni binzari, kwamba kwa Mama Chenge wamepata wageni. Yeremia alikula mpaka akalamba kijiko, kisha akalala.

Niliporudi na ndoo nilimkuta bado amelala kwenye mkeka. Saa hizo hulala kila siku, lakini sasa usingizi wake ulinitisha. Nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Anapumua. Paji la uso lilikuwa na jasho. Chumba chetu ni cha bati na jua lilikuwa kali, basi je, lilikuwa jasho la kila siku au jasho la dawa? Sikujua. Mlangoni kuku watatu walisimama wakinitazama, wana njaa.

Nikapiga magoti. Bwana, mponye, na watu wasijue. Nikarudia. Mara ya pili nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa namwomba Mungu anisaidie kuendelea kudanganya, na mtoto ana dawa tumboni.

Nilimfunga mgongoni akiwa bado amelala, kichwa kinaniangukia begani, nikaenda.

Mama Chenge alisharudi, anaosha masufuria uani na binti yake Kija.

"Mama Selina, mbona umekimbia foleni?"

"Ile dawa," nikasema. "Ni dawa gani?"

"Ya kuku. Baba Chenge aliinunua Usagara. Nimeweka nusu pakiti. Unaogopa itawaua?"

"Na mtu akiila?"

Kija akacheka. "Mtu gani ale bakuli la kuku, Bibi? Labda yule mlevi Luhaga, akitoka kilabuni."

Mama yake akacheka. Na mimi nikacheka nao. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilicheka. Kisha Yeremia akakohoa, na kitu cha moto kikateremka shingoni mwangu. Alikuwa ametapika. Nilipofuta, khanga yangu ilikuwa ya njano.

"Ni huyu aliyekula," nikasema. "Kila siku ni huyu. Kuku hupata kilichoharibika tu."

Kija aliacha kusugua sufuria. Mama Chenge alimtazama mtoto, mikono yake bado ina povu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Alikwenda kwenye shimo la taka, akainama, akafukua maganda ya ndizi kwa mikono mpaka akatoa pakiti iliyokunjwa. Akanipa.

"Mimi sikusoma. Wewe unaenda darasa la jioni. Soma."

Nilisoma polepole, neno kwa neno. Kwa matumizi ya mifugo tu. Weka mbali na watoto. Mwaka mzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kila neno nililoweza kulisoma. Kwa hayo sikuweza kumshukuru.

Tulipanda bodaboda moja, mtoto katikati yetu. Kwenye zahanati muuguzi aliisoma pakiti, akauliza amekula kiasi gani, saa ngapi, kama tumemtapisha. Nikasema ametapika mwenyewe. Akampigia daktari simu, wakaongea sana. Kisha akatuambia tukae kwenye benchi, tusiondoke. Kila baada ya muda alikuja kumulika macho ya Yeremia na kumsikiliza kifua, akaandika, akaenda zake. Nilisali rozari kwa vidole kwa sababu niliiacha nyumbani. Nilipoteza hesabu, nikaanza upya, nikaipoteza tena.

Mama Chenge alikuwa ameshika mguu mmoja wa mtoto. "Ningejua ni mtoto," akasema taratibu, "nisingekuwekea ukoko."

"Niliona aibu."

"Aibu. Na mimi nimuue mtoto wa watu nikidhani nafanya wema? Ungeniweka wapi, Mama?"

Nikaushika mguu wa pili wa mtoto.

Jua lilipokaribia kuzama muuguzi alituruhusu kurudi nyumbani. Hakusema amepona. Alisema tumlete tena asubuhi, na akivimba au akipumua kwa shida tusingoje. Hakuvimba. Asubuhi alilia njaa.

Siku hizi kila mchana Kija huleta hotpoti yenye mfuniko, chakula kilichopakuliwa kabla wengine hawajatia mikono. Bakuli la bluu nalo linawekwa ukutani kama zamani, na kuku wananenepa.

Lakini kwanza naonja mimi. Kijiko kimoja, kisha nangoja muda wa kusali Baba Yetu mara tatu, nikisikiliza tumbo langu. Yeremia anagonga sahani kwa kijiko na kusema Amina, Amina. Mimi bado sijafumbua macho.