Ua la Kijani Saa Saba Usiku

...oo-ow, sauti hiyo tena, kama mtoto aliyeangusha kikombe, nimesahau kuipunguza na Kira ndiyo kwanza amelala begani kwangu, Gleb kajigeuza kitandani nyuma ya kabati, "Ulya, Asya wako anakuita," kanena na usingizi wake, "ndiyo, lala," nimemjibu, lala baba, usiamke, usije ukaiona hii bahasha inayowaka na kuzima pembeni mwa skrini, imetoka kwa mama yako na mimi siifungui, bado, ngoja kwanza moyo ushuke... Asya, watu wote hapa Perm wanaiita hivyo hii programu ya kutumiana ujumbe, kama vile ni msichana wa ghorofa ya chini, Asya kanilia, nitafute kwa Asya, na Gleb ndivyo alivyonieleza tulipokuwa wachumba, zamani ukituma barua kwenye kompyuta ilikuwa kama kupiga kelele kisimani, hujui kama mtu yupo, Asya ndiye wa kwanza kukuonyesha, kando ya jina kuna ua, ua jekundu hayupo, ua la kijani yupo, nikafurahi kama mjinga, nikamwambia basi mtu hatakuwa mpweke tena, akacheka... kumbe upweke unakaa hata na maua kumi ya kijani, tangu Kira azaliwe nakaa hapa usiku laini ya simu, inayoleta intaneti, ikiwa huru, na ni Asya aliyenipa yule mwanamke wa Tomsk, kuna kitufe ukikibonyeza kinakupa mtu yeyote aliye tayari kuongea, nikampata yeye, anashona mapazia, jina lake halisi silijui na langu halijui, ndiyo maana niliweza kuongea naye, ndiyo maana leo nilitaka kumwambia yeye... yeye, siyo mama mkwe, Mungu wangu, siyo Faina Arkadyevna! Jumapili Gleb kafuta kompyuta yote kaipanga upya, yeye na toleo lake kuukuu la Asya, matoleo mapya majina ya marafiki yanatunzwa huko kwenye mashine kubwa ya wenye Asya, la kwake yanatunzwa humu humu nyumbani, yakafutika yote, akaziingiza namba kutoka kwenye daftari bila majina, "namba inatosha, Ulya, namba ndiyo mtu," namba zenyewe tarakimu tisa tisa, mbili, ya Tomsk na ya mama mkwe, zinaanza sawasawa, moja iko juu ya mwenzake, na mimi mkono mmoja una mtoto, macho yamejaa usingizi, nikabonyeza ya chini... niliandika naogopa nitamrusha Kira kutoka roshani, niliandika hivyo hivyo, sitaki, nampenda hadi meno yananiuma, lakini nikipita karibu na mlango ule naiona mikono yangu ikifanya, ghorofa ya tisa, nimeufunga mshikio kwa soksi ndefu za nailoni, mafundo matano, nikatuma, halafu ndipo nikaangalia maelezo ya namba ile, Faina Arkadyevna, miaka hamsini na minne, ua jekundu, na ukishatuma huwezi kuuvuta urudi, nilichomoa hata waya wa simu, kazi bure, ujumbe umeshakwenda, unakaa huko kwenye mashine yao unamsubiri mwenyewe awashe, na yeye muuguzi, zamu ya usiku wodi ya watoto, Gleb mwenyewe ndiye aliyemwekea Asya kwenye kompyuta ya wauguzi... nikaurudisha waya, nikajificha, Asya anakuruhusu ukae usionekane, nikakaa asinione kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia miguu iko nje, na ua lake likageuka kijani, dakika ishirini kijani, kimya, Gleb anasema toleo jipya lina kalamu inayotikisika mwenzako akiwa anaandika, sisi hatuna, kwa hiyo sijui alikuwa anaandika au anawapigia watu wa ofisi ya ustawi wa watoto, mama kama huyu anyang'anywe, ushahidi huu hapa, kauandika kwa mkono wake... mwezi wa kumi na moja alikuja, hajavua hata koti, "Miezi minne na mtoto hajalala roshani hata siku moja? Mtoto anataka hewa ya baridi, siyo moshi wa vitunguu vyako! Gleb wangu alilala nje digrii ishirini chini ya sifuri, mashavu kama nyanya," nikasema ana kikohozi, "Kikohozi cha mama yake hicho," akasema, akaenda kufungua mlango wa roshani mwenyewe, akaiona soksi, akaitazama weee, akageuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi, sikulala usiku ule, nilijua ananiona kichaa... Kira anapumua shingoni mwangu, joto, ana harufu ya maziwa, wakimchukua mimi nitabaki na nini, haya, fungua, Ulyana, bonyeza, ni kidole tu... herufi kubwa zote, kuna kitufe alikigusa mwaka juzi na hajui kukirudisha, ULYANA. NIMESOMA MARA TATU. GLEB HAJAWAHI KULALA ROSHANI. NILIKUDANGANYA. NILIUPIGA MLANGO MISUMARI, BABA YAKE NIKAMWAMBIA NI KUZUIA UPEPO. NAMI NILIIONA MIKONO YANGU. HAIKUFANYA KITU. SOKSI NILIIELEWA NIKASHINDWA KUSEMA, NISAMEHE. ZAMU IKIISHA NAKUJA, WEWE UTALALA, MIMI NITAMBEBA. KUNA DAKTARI MWANAMKE HAPA, TUTAKWENDA WOTE WAWILI. HILI LA MISUMARI NI MIAKA ISHIRINI NA SITA SIJAMWAMBIA MTU. USIMWAMBIE GLEB... misumari, vikombe safi, kumbe alikuwa analia pale kwenye sinki na mimi namhesabia mgongo wake kama hukumu, "Ulya, nani huyo?" Gleb tena, "hakuna, lala," na mlango uko pale pale, soksi iko pale pale, mafundo matano, Kira begani, lakini mikono yangu naitazama na ni mikono tu, mmoja umeshika mtoto, wa pili unabonyeza kunitoa mafichoni, ua langu liwe la kijani alione, naandika polepole kwa kidole kimoja neno ambalo tangu niolewe halijawahi kunitoka mdomoni kwa ajili yake, mama, naandika, njoo, nakusubiri, na la misumari usiogope, simwambii mtu mwingine.