Tairi Laini kwenye Njia ya Idodi

Habari ya kifo cha Kalinga ilifika Iringa mjini siku ya soko, na Philbert ndiye aliyepaswa kumpelekea mama yake, Severina. Severina alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, macho yote mawili yamefungwa bendeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Kalinga alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Simba alimchukua mchana kweupe akirina asali, upande wa huku wa Idodi, na walichookota wenzake hakikujaza kikapu.

Severina hakulia. Daktari alikuwa amemkataza kulia, kuinama na kutikiswa. Alikaa kitandani mikono magotini, kisha akasema anakwenda matangani Idodi.

Daktari alikataa, akakataa tena, mwishowe akaona mama huyu atatoka hata kwa kupapasa kuta. Akamwambia Philbert kwamba lori kabisa hapana. Kama ni baiskeli, iwe polepole, na penye makorongo ashuke ashikwe mkono. Mshono ukifumuka, jicho limekwenda.

Philbert alikuwa mwashi, na tairi za baiskeli yake zilikuwa zimelika hadi nyuzi zikaonekana. Akaenda kwa Mrisho, aliyeuza vipuri karibu na soko. Mrisho akamwekea tairi za namna mbili mezani. Moja ilikuwa nene, ngumu kama ukwato. Mwiba wa mgunga ungeikwaruza tu ukavunjika. Lakini haikuwa na huruma: kila jiwe ililokanyaga ililifikisha kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Nyingine ilikuwa laini, ubavu wake ukibonyea kwa kidole. Hiyo ilimeza mashimo yote, na miiba nayo ingeimeza vilevile, hadi kwenye mpira wa ndani.

Mrisho akauliza safari ni ya wapi, na nani atapakiwa. Alipoambiwa, tabasamu likamfutika usoni.

"Mbele funga ngumu, hapo hakuna aliyekaa," alisema. "Shida ni nyuma. Uzito wote uko nyuma, na mwiba unapenda penye uzito. Ukifunga ngumu, unayahatarisha macho ya mama. Ukifunga laini, ndugu yangu, utakuja kusimama mahali ambapo mtu hasimami."

Philbert alizishika zote mbili kwa zamu, akazirudisha, akazishika tena. Mwisho akachukua laini kwa ajili ya nyuma. Mrisho akakata ukanda wa tairi kuukuu akautandaza ndani yake, kati ya tairi na mpira wa hewa. Akaonya kwamba ukanda huo ungezuia miiba mifupi; kwa ile mirefu hakutaka kuahidi.

Hadi Kidamali, ambako walilala kwa jamaa, tairi ilifanya kazi yake. Severina, aliyekalia keria kwa upande huku amemshika mwanawe kiunoni, alisema barabara imekuwa kama godoro. Asubuhi wenyeji wakawasihi wangoje. Wanaume wenye mikuki wangeteremka kesho yake kwa kundi. Mtu mmoja tu ndiye aliyetangulia alfajiri kwa baiskeli, mbishi, hakusikia la mtu. Severina naye akajibu kwamba maiti ya ndugu yake haingoji kundi. Wakaondoka.

Njia iliteremka kwenye joto. Migunga ikasogea pande zote mbili, nyasi kavu zikafika kifuani. Mchangani palikuwa na mchirizi wa tairi za yule aliyetangulia, na Philbert aliufuata kwa kuwa ulimfariji. Jua lilipopita utosini, tairi ya nyuma ikatoa pumzi ndefu, ikalala.

Akamshusha mama yake, akamketisha kwenye kivuli chembamba. Mwiba ulikuwa mrefu kama sindano ya magunia. Ulipenya tairi, ukanda na mpira wa ndani. Alikwisha kuufungua mpira, akausugua, akapaka gundi, akawa anangoja ikauke, ndipo akatazama mchanga vizuri. Ule mchirizi wa baiskeli uliendelea mbele yao, na juu yake zilikanyaga nyayo pana, zisizo na kucha, moja baada ya nyingine, zikielekea walikokuwa wakienda. Kisha zikatoka njiani, zikaingia kwenye nyasi za upande ule waliokaa.

Akaugeukia mpira, akaigusa gundi kwa kidole. Mama yake ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ya kanisani.

"Philbert, ndege wamenyamaza. Na kuna harufu."

"Naziba, mama. Bado kidogo."

"Acha kuziba. Nipandishe."

Akamwambia tairi haina upepo, kwamba watakwenda juu ya rimu, na yale mawe yaliyoko mbele yatampiga kichwani kama nyundo. Severina akanyoosha mkono hewani hadi ukampata usoni.

"Macho ni yangu, mwanangu. Nipandishe, na usikimbie. Anayekimbia hufukuzwa."

Akaurudisha mpira ndani, akampakia. Wakaenda. Rimu iligonga jiwe, ikagonga jingine, na kila pigo alilisikia kwanza mikononi mwake, kisha kwenye mikono ya mama yake iliyombana kiunoni. Upande wa kushoto nyasi zilifunguka na kujifunga, zikienda sawa nao, bila haraka. Mahali fulani waliipita baiskeli imelala kichakani, gurudumu juu. Philbert hakusimama, wala hakumwambia mama yake. Aliendelea kukanyaga pedali huku shati limemganda mgongoni.

Ndipo nyasi zikaisha ghafla, wakatokea kwenye uwanda uliochomwa moto na wafugaji, mweusi, mtupu. Kilichokuwa nyasini kikabaki ukingoni. Philbert aligeuka mara moja tu. Aliona mabega, na uso mpana uliomtazama kwa utulivu wa mtu anayetambua nyumba ya jirani.

Walifika matangani jua likiwa bado juu. Severina aliketi na wanawake wenzake, na bado hakulia, ingawa chini ya bendeji ya kushoto kulikuwa kumelowa damu. Siku ya kuifungua ilipofika, jicho hilo lilikuwa limekufa. La kulia lilifunguka, likatafuta, likatulia kwenye uso wa mwanawe.

"Umezeeka," alimwambia, akamshika shavu.

Yule mbishi wa Kidamali hakupatikana, na wenye mikuki walirudi bila kumwona mnyama. Severina akawa anakaa mlangoni jicho lake moja likiielekea njia, na kila alipomwona mtoto aliyetumwa mtoni alimwita arudi. Philbert alikuwa na ukuta unaomngoja mjini. Kila jioni walimuuliza anaondoka lini, naye kila jioni alijibu kwamba ni kesho, watu wakipatikana wa kuongozana nao.