Lebo Arobaini na Moja

To... to... to... Gizani, kabla hata majirani hawajaanza kuburuta ndoo, tone la maji lilikuwa likidondoka kutoka paani ndani ya beseni. Mama Chiriku alilisikiliza akiwa amelala chali, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze hakukurupuka kwenda kusogeza maboksi. Maboksi hayakuwapo tena. Vitabu vya mama yake, arobaini na kimoja, vyote vya ukunga, vilikuwa vimelala pakavu kwenye maktaba ya chuo kikuu, na barua ya kuvipokea, pamoja na kadi, ilikuwa chini ya mto wake.

Barua yenyewe aliisoma mpaka mikunjo ikalegea. Anayechangia vitabu zaidi ya thelathini hupewa kadi, na kwa kadi hiyo huazima vitabu vitatu kwa siku kumi na nne, sawasawa na mwanafunzi wa chuo. Hilo ndilo lililompa moyo wa kuviachia. Miaka sita alikuwa anapiga deki wodi ya wazazi, mchana ndoo, jioni darasa, na sasa mtihani wa kuingia shule ya ukunga ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kitabu alichokihitaji, kile kinene cha jalada la kijani, kilikuwa kimoja katika vile vya mama yake. Mwalimu wa masomo ya jioni alishasema bila kuficha: asiyekisoma hicho asijisumbue kununua kalamu.

Basi mchana, zamu ilipoisha, alinawa mikono mpaka harufu ya dawa ya sakafu ikapungua, akamchukua bintiye shuleni, wakaenda. Mtoto alikuwa na miaka sita, na waliomwita Chiriku hawakumwonea, maana mdomo wake haukujua likizo.

Nyuma ya kaunta ya kuazimia alikaa mkutubi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wanafunzi walimwita Mama Kanuni. Jina alilijua, na wala halikumwasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kadi."

Mama Kanuni akaitazama kadi, akamtazama mwenye kuileta, akairudia kadi.

"Mwenye kadi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapa pameandikwa umri miaka sitini na minane. Kama ni wewe, hebu nitajie mafuta unayojipaka, na mimi nikanunue."

Vijana wawili waliopanga foleni nyuma wakacheka. Mama Chiriku naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga utelezi mbele za watu.

"Ni jina la mama yangu," alisema. "Kwenye fomu pameandikwa 'jina la mchangiaji'. Vitabu ni vyake. Kavinunua kimoja kimoja kwa jasho lake, ningejiandikaje mimi?"

"Adabu nzuri. Basi aje mwenyewe na kitambulisho. Kadi si chumvi ya kutuma mtoto dukani."

Mama Chiriku akatazama chini, pale binti yake alipokuwa akihesabu vigae vya sakafu.

"Bibi amesafiri," Chiriku alijibu kwa niaba ya wote. "Amesafiri siku nyingi."

Mama Kanuni alivua miwani taratibu. Akawaashiria wale vijana waende kaunta ya pili. Kisha akainama mbele, sauti ameishusha.

"Ni safari ya kurudi, mwanangu?"

Mama Chiriku alitikisa kichwa.

"Pole. Pole sana." Halafu kazi yake ikamrudia. "Lakini sasa umeniweka pabaya. Kanuni ya saba: kadi ya mchangiaji haiazimishwi wala hairithiwi. Mwenyewe akifariki, inafungwa. Nikikupa kitabu kwa kadi hii, kesho utanikuta nyumbani nachambua mchele."

"Mtihani ni wiki tatu, mama."

"Nakusikia. Ipo njia." Akatoa karatasi kwenye droo. "Fomu ya marekebisho. Vitabu ulivileta wewe, sahihi ya kukabidhi ni yako. Nakuandika wewe kuwa mchangiaji, unapata kadi yako. Ila lebo zilizomo ndani ya vitabu lazima zibadilike. Sasa zinasema 'Zawadi ya' na jina la mama. Zitasema jina lako."

"Hapana."

"Nilidhani unataka kitabu."

"Nakitaka kama roho yangu. Lakini sitamfuta mama yangu nipate kitabu. Bora nikose."

"Haya, nani kakwambia umfute? Watu wa siku hizi, hasira ziko karibu kuliko macho. Soma mstari wa chini."

Mama Chiriku alisoma. *Zawadi ya* na nafasi ya jina. Chini yake: *kwa kumbukumbu ya marehemu*, na nafasi nyingine.

Alichukua kalamu. Jina lake aliliandika haraka. Kwenye mstari wa chini mkono ukagoma. Miezi saba alikuwa akilikwepa neno lile. Msibani walisema wengine. Nyumbani alisema "amesafiri", kwanza kwa ajili ya mtoto, halafu kwa ajili yake mwenyewe. Hata siku ile ya kuleta vitabu, alipoandika jina la mama yake kana kwamba bibi wa watu yuko nje anafunga mwavuli, moyo wake ulikuwa umepata raha.

"Siwezi kuandika jina tu, bila hilo neno?"

"Bila hilo neno ni mtu aliye hai," alisema Mama Kanuni, safari hii kwa upole. "Na aliye hai itabidi aje mwenyewe. Tutazunguka tuishie hapa hapa."

Mama Chiriku aliweka kalamu chini, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya bintiye.

"Mwanangu, nilikwambia bibi amesafiri."

"Ndiyo."

"Hakusafiri. Bibi alifariki. Niliogopa kukwambia."

Chiriku aliacha vigae vyake, akamtazama.

"Nilijua," alisema. "Viatu vyake vya safari viko chini ya kitanda." Kisha akashika kola ya mama yake, kama anayeinyoosha. "Usilie hapa, mama. Wanatutazama."

Alilia kidogo hata hivyo. Halafu akasimama, akaandika.

"Lebo mpya zinachukua wiki mbili," Mama Kanuni alisema akipokea fomu. "Mwandishi wetu wa lebo yuko likizo, na kadi haitoki mpaka zikamilike."

"Kanuni inasema lazima aandike yeye?"

Mama Kanuni akafikiri. Midomo ilimcheza. "Haisemi."

"Mimi mwandiko wangu unasomeka."

Vitabu vililetwa kwa kitoroli mpaka meza ya dirishani. Mama aliandika, mtoto akabandika, ulimi nje kwa umakini. *Marehemu* ya kwanza ilitoka na herufi za kutetemeka kama za mtu aliye kwenye lori. Ya kumi ilinyooka kidogo. Ilipofika ya ishirini na kitu alikuwa anasimulia huku anaandika: jinsi bibi alivyokuwa akisoma amesimama jikoni, jinsi alivyoacha ubao wa kukatia mboga uwe alama kwenye ukurasa wa mia mbili akasahau. Chiriku alicheka mpaka gundi ikamgusa nyusi. Ndani ya kile cha kijani walikuta mwandiko mwembamba wa bibi pembeni mwa ukurasa: *Usimkemee mzazi. Mshike mkono.* Mama Chiriku aliusoma mara mbili, akabandika lebo yake ya arobaini na moja kwenye jalada la ndani, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikatulia.

Mama Kanuni alipitia lebo zote, moja baada ya nyingine. Akachapa kadi mpya, ikatoka ingali na joto.

"Umri?"

"Ishirini na saba."

"Sasa nimeamini," alisema, na muhuri ukatua, paa! "Siku kumi na nne. Usichelewe. Sitakuonea haya."

Nje ngazi zilikuwa zimeota jua la alasiri. Mama Chiriku alikusudia kuketi dakika moja tu, aangalie yaliyomo kwenye kile cha kijani. Dakika ikazaa nyingine. Wanafunzi walipita wakiruka miguu yake, hakuinua kichwa. Ukurasa wa nne ukawa wa tisa, midomo yake ikijisemea polepole.

Mlinzi wa geti akaja na rungu lake kwapani. "Mama, mmekwama? Mnamsubiri nani hapa?"

Chiriku alisimama mbele ya mama yake na kuweka kidole mdomoni.

"Mama anasoma," alisema.