Matroni Akaukiwa na Sauti

Matroni Afrakoma, mkuu wa wauguzi, alirudi hospitalini kwetu Sunyani kutoka kwenye mafunzo ya usimamizi na cheti, akakitundika juu ya kiti chake. Kule walifundishwa kwamba msimamizi mzuri husikiliza, muuguzi akaeleza kinachomtatiza bila woga. Jambo hilo lilimwingia sana. Kila Jumatano alimwita mmoja wetu ofisini, akafunga mlango, akamweleza umuhimu wa kusikiliza mpaka muda ukaisha.

Mwenye shida ya kweli alikuwa Kyeraa, muuguzi mgeni wa wodi yetu ya watoto. Mikono ilimtetemeka kila alipotakiwa kumtundikia mtoto dripu, akawa ananibembeleza nimchomee mimi.

"Si umwambie Matroni?" nikamuuliza.

"Nimwambie saa ngapi, dada Yeboaa? Jana nimesema, 'Anti, mimi naogopa,' akanijibu, 'Usiogope, hapa uko huru kusema,' akaendelea mwenyewe!"

Halafu likaja vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, likakuta msiba kwao Matroni. Aliimba mazishini kutwa nzima, akaamka koo limefunga. Daktari akamkataza kutamka hata neno kwa wiki nzima. Tulidhani kikao kitaahirishwa. Wapi! Jumatano akamwita Kyeraa kwa kidole.

Kyeraa alinisimulia baadaye kwamba walikaa wakitazamana tu. Kimya kilipomzidi, akayatoa yote: mikono, kunibembeleza mimi, na yule mtoto wa homa aliyemtoboatoboa mpaka mama yake akalia kuliko mtoto. Matroni akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akainuka, akamshika mkono, wakaja wodini.

Palikuwa na mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara. Matroni akaushika ule mguu mdogo, akakiongoza kidole cha Kyeraa mpaka kikaupata mshipa. Kisha akamwekea kiganja mgongoni na kukiacha hapo hapo. Sindano ikaingia, damu ikachungulia. Kyeraa akacheka huku machozi yakimtiririka.

Wiki hiyo kila mtu alipata sababu ya kwenda ofisini. Hata Baffour wa maabara, ambaye hayuko chini ya Matroni, aliingia akatoka na uso mwepesi.

Sauti ilirudi, tena nzima kabisa. Siku wakaguzi wa mkoa walipokuja, walimkuta Kyeraa akimtundikia kichanga dripu bila wasiwasi, wakauliza nani kamfundisha vizuri hivyo.

"Nilimkalisha chini nikamweleza hatua kwa hatua," alisema Matroni. "Vijana hawa ukiwaeleza vizuri wanaelewa. Au sivyo, Kyeraa?"

Kyeraa akavuta pumzi ajibu.

"Ndivyo," Matroni akamjibia, akawaongoza wageni kwenda kula, huku akiwaeleza umuhimu wa kusikiliza.