Waya Wenye Pilipili

Pilipili tatu nyekundu na vipande vya makaa vilining'inia kwenye waya wa simu ya jeshi, mlangoni pa kibanda kilichoezekwa kwa hema bovu. Sajini Pyo aliinua mkono. Nikasimama nyuma yake, bunda la waya likinikata mabega.

Kwetu Korea pilipili hizo zinasema: humu kazaliwa mvulana, mgeni asivuke kwa wiki tatu. Hata mwizi huziheshimu. Lakini kamba yake ni ya majani ya mpunga, si ya waya. Na waya huu tulikuwa tumeufuata kwa vidole ndani ya theluji tangu alfajiri, maana simu ya wenzetu mlimani ilikuwa imekatika.

Amri ilikuwa imebandikwa kila kambi: atakayekata waya ni jasusi, apigwe risasi papo hapo. Waliiandika watu waliokaa penye moto wakinywa chai. Nimewachukia tangu siku hiyo, na sijachoka.

"Nani huyo?" Sauti ya kikongwe, kutoka ndani.

"Jeshi, Bibi."

"Hata mngekuwa wafalme! Mke wa mwanangu kajifungua jana. Msivuke!"

"Kamba hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwa imejilalia shambani kwangu, haina mwenyewe. Majani yangu ya mpunga si mmeyachukua nyinyi, mnayalalia? Mlitaka nifunge mlango kwa kitu gani, kwa ndevu zenu?"

Nikauchungulia ule waya. Alikuwa ameusokota kuelekea kushoto, kama desturi inavyotaka, hakukosea hata kidogo.

Mkono wa Sajini ulikwenda kwenye bunduki. Ukashuka. Ukapanda tena.

"Ma," akaniita jina kwa mnong'ono, "wewe unavuka?"

"Sivuki, Sajini."

"Na mimi nina watoto." Akatema mate pembeni. "Lete waya mpya."

Tuliziba pengo palepale, hatua chache kutoka kibandani, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Sajini akaunga simu aliyoibeba, akazungusha mpini wake. Nilibana sikio langu karibu na lake.

"Hatimaye!" Alikuwa Kapteni Ok. "Jasusi mmempata?"

Sajini aligeuka kukitazama kibanda. Hapo ndipo mtoto alipolia, kilio cha kupasua mbao.

"Nini hicho?"

"Ni... mtoto, Afande."

"Pilipili zipo mlangoni?"

"Zipo, Afande. Kwenye waya wetu."

Nilisikia pumzi za Kapteni, na nyuma yake taipu ikigonga, ikasimama.

"Basi, waya ulikatwa na bomu, Sajini. Nimesikia kishindo chake kwa masikio yangu mwenyewe."

Ndivyo ilivyochapwa katika historia ya kikosi chetu cha mawasiliano: jalada gumu, herufi za dhahabu, majenerali tele, na sisi wafukua theluji hatumo. Nimesimama na bango mbele ya ofisi yao, nimefukuzwa, nimerudi. Nadai kila uongo ufutwe. Bomu lile tu waliache.

Siku ile Sajini alijibwaga kwenye theluji, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, nami nikaangua kicheko kando yake.

Ukuta ukagongwa kutoka ndani.

"Mnamwamsha mtoto! Nendeni mkachekee huko vitani kwenu!"