Asiyejua, Mkono wa Kushoto

Nimefundisha hesabu hapa Nachingwea miaka kumi na mitatu. Doreen, mwalimu mwenzangu, ana miwili tu. Lakini mtafiti mmoja alipotangaza kwamba mmoja wetu atakwenda Ruangwa kuwanoa walimu wenzetu, mwalimu mkuu alimtazama Doreen kwanza. Niliona, na wivu ukanichoma kama mwiba wa samaki.

Mtafiti huyo, kijana mpole aitwaye Linus, alikuja na kamera mbili: moja ilikaa nyuma ya darasa kumtazama mwalimu, nyingine mbele kuwatazama watoto. Alisema somo ni moja, ila kila aliyemo analiona kivyake. Kila mmoja wetu angerekodiwa akifundisha, kisha walimu na watoto tungeitazama video pamoja na kusema tulichokiona.

Siku moja kabla nikawaelekeza wanangu wa darasa la nne. Nikiuliza swali wote wanyooshe: anayejua mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Nami nitamchagua wa kulia tu. Sisi wa zamani tunaujua mtindo huo. Wakaguzi wangapi wameondoka kwangu wakitabasamu.

Siku ya kutazama wakaanza na Doreen. Swali gumu, mikono minne. Nikasema kwa sauti kwamba labda watoto walikuwa na njaa. Doreen akainama. Sifichi, nilifurahi.

Likaja somo langu. Msitu wa mikono. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Linus akaweka video ya kamera ya mbele, akaisimamisha, akamuuliza mwanafunzi wangu Saada kwa nini alinyoosha wa kushoto wakati jirani yake amenyoosha wa kulia.

"Nilikuwa sijui," Saada alisema bila wasiwasi. "Mwalimu alisema asiyejua anyooshe huu."

Linus akahesabu. Kulia watano, kushoto thelathini na saba. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Doreen akanifuata ofisini. Nilijua amekuja kunicheka, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumrudishia.

"Dada Makrina," alisema, "nikichaguliwa, naomba nikautumie mtindo wako kule Ruangwa. Kwangu asiyejua anajificha, simjui. Wako wanakuonyesha wenyewe. Sasa ukishawaona, unaanza na yupi?"

Miaka yote hiyo watoto wamekuwa wakininyooshea mkono wa kushoto, na mimi nikiwaruka kumtafuta wa kulia.

Alikwenda yeye, bila shaka. Siku hizi nikiuliza swali naanzia kwa Saada na wenzake, na somo linachelewa, na watoto wanaelewa. Mwalimu mmoja wa Ruangwa amenipigia simu kunishukuru. Doreen amewaambia wote kwamba mtindo ule ni wa Makrina wa Nachingwea. Laiti angeuiba, angalau ningepata sababu ya kumchukia.