Suti ya Maji Baridi

Mwanamkuu, muuza samaki wa mapambo wa Mchafukoge, alikuwa na mdomo ambao hata yeye mwenyewe aliuogopa. Duka lake lilikuwa jembamba, limejaa matangi ya vioo kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, na mteja aliyeingia kununua chakula kidogo cha samaki alitoka akiwa anajua ukoo wa kila kiumbe kilichomo humo. Nusu ya habari hizo zilikuwa za kweli. Nusu nyingine Mwanamkuu alizitunga palepale, maana neno "sijui" lilimkwama kooni kama mwiba.

Jambo moja tu hakuthubutu kulitungia. Alikuwa na samaki wa Ziwa Tanganyika, weusi wenye mkanda wa njano, ambao mama zao hulea watoto mdomoni. Mama akishabeba hali kitu cha maana, mashavu yamemvimba, anangoja siku ya kuwatema. Dukani kwa Mwanamkuu siku hiyo haikuwahi kufika salama. Geti la jirani likibamizwa au gari likipiga honi barabarani, mama wa watu anashtuka na kuwameza wanawe wote. Mwanamkuu alikwisha kulia kwa ajili hiyo, ingawa wateja hakuwaambia. Alitaka kumwona mama mmoja, mara moja tu maishani, akifungua mdomo kwa hiari yake na watoto wakatoka.

Kwa hiyo siku Vidya, mteja wake wa zamani kutoka Upanga, alipoingia na kueleza kwamba kundi lao la wapenda samaki linakwenda Kigoma kuzamia ziwani na nafasi moja imebaki, Mwanamkuu hakumwacha amalize. Alisema anakwenda yeye. Vidya akauliza kwa upole kama anajua kuogelea. Mwanamkuu, mtoto wa pwani aliyekulia Kigamboni, alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kula.

Basi akaanza mafunzo katika bwawa moja la kuogelea hukohuko Upanga, chini ya mwalimu Severine, binti mwembamba mwenye sauti ya kamanda ambaye hata hivyo hakuacha kumwamkia shikamoo kabla ya kumfokea. Raha aliyoipata huko haina mfano. Mara ya kwanza alipovuta hewa ya mtungi huku kichwa kikiwa chini ya maji, na hewa ikaja kweli, alipanda juu akapiga kelele hadi walinzi wakatoka kibandani. Alikuwa na miaka arobaini na minane na alihisi amezaliwa juzi. Dukani akawa anafanya mazoezi ya kupumua mbele ya wateja, anawahesabia.

Sharti lilikuwa moja. Jumamosi, kabla ya safari, kila mzamiaji angeshuka hadi chini ya bwawa na kutulia huko akiwa na vazi lilelile atakalovaa ziwani. Asiyeweza angebaki Dar. Tatizo la Mwanamkuu lilikuwa hilo vazi. Suti za mpira za kukodi zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya watu wasiojua ugali, na yeye alitaka ya kumstiri mwili mzima na kichwa. Vidya akampa suti yake ya zamani ikapanuliwe, na Mwanamkuu akampelekea fundi anayemwamini kuliko wote duniani, yaani mumewe.

Twaha alishona viti vya magari na maturubai kwenye kibaraza cha Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mkewe alikwisha kuyatumia yote ya nyumba ile. Aliposikia habari ya kuzamia hakukataa. Aliuliza tu, "Na ukikwama huko chini?" Mwanamkuu akacheka, akamwambia hakwami mtu. Kisha akamwachia suti na maagizo akiwa tayari mlangoni: ni ya kuzamia maji baridi, apanue kiunoni na mikononi, aongeze kofia. Twaha akaipokea kimya, na wahenga walikwisha kusema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Suti ilirudi ikiwa imeshonwa vizuri ajabu, mishono imenyooka. Ilikuwa nzito kidogo mkononi na ilimfanya aonekane mnene kuliko kawaida, lakini Mwanamkuu alikuwa na furaha kiasi kwamba angevaa hata gunia.

Jumamosi akaingia bwawani na mtungi wake mgongoni, akaweka kipumulio mdomoni, akatoa hewa kwenye jaketi lake la kujazwa hewa kama alivyofundishwa, akafumba macho azame. Alipofumbua alikuwa palepale juu, anaelea kama dumu tupu. Akajaribu kichwa chini. Miguu ikabaki juu inapiga hewa. Wenzake wote walikuwa wamekaa chini ya bwawa wametulia, wanatazama mapezi yake ya miguuni yakichapa maji. Severine akamwongezea vipande vya risasi, yale madini mazito ya kumvuta mzamiaji chini, mpaka mkanda wake ukakaribia kujaa. Mwanamkuu akaelea.

"Mama," Severine akasema, akimminya begani, "maji haya hayana chumvi, mtu anazama kirahisi kuliko baharini. Humu ndani umevaa nini?"

Wakaipekua suti kwa ndani. Chini ya bitana safi kulikuwa na sponji nene isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya mazoezi inayouzwa Kariakoo, imezunguka kifua, mgongo, mapaja, hata kofia. Vidya alijitahidi asicheke, akashindwa. Severine hakucheka. Alisema anafunga bwawa alasiri, na kwamba orodha ya safari anaituma leo.

Mwanamkuu akavaa dera lake, akajitupa ndani ya bajaji na suti ikimchuruzikia miguuni. Njia nzima damu ilikuwa inamchemka. Kumbe ndiyo maana hakukataa! Mume mwerevu hasemi usiende. Anakushonea boya, unaaibika mwenyewe, unarudi nyumbani. Alipita katikati ya Kariakoo, kwenye vilima vya viatu na ndoo za plastiki, akiwapiga watu vikumbo na lile lisuti lililolowa, na waliomjua wakampisha.

Alipofika kibarazani aliibwaga suti juu ya cherehani. Mafundi wa jirani wakazima mashine zao. Mambo kama haya hayaji kila siku.

"Baba Ismail, kama hutaki niende ungesema kwa mdomo."

Twaha akaitazama suti, akamtazama mkewe. Akauliza imepasuka wapi. Hilo likamwongezea hasira. Akamweleza, na mtaa mzima ukaelezwa pamoja naye, jinsi alivyoelea mbele ya watu kama kizibo, na akamtaka aseme sponji ile aliiweka ya nini.

"Ya baridi," Twaha akasema. "Si ulisema maji baridi?"

Fundi mmoja akaangua kicheko, akajidai anakohoa. Mwanamkuu akashika kiuno. Miaka ishirini na sita mtu huyu amelala kitanda kimoja na muuza samaki wa maji baridi, amekula fedha ya samaki wa maji baridi, amebandika kwa mkono wake mwenyewe kibao cha duka kinachosema hivyo. Akamwuliza kama kweli hajui kwamba maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, na kwamba ziwa lile lina joto kuliko bomba la nyumbani asubuhi.

"Najua," Twaha akasema. Alikuwa anazungusha uzi kidoleni, hamtazami. "Wakiingia samaki, najua. Safari hii unaingia wewe. Nikasikia baridi tu."

Hasira ikamtoka Mwanamkuu yote kwa mara moja. Akakaa juu ya kiti cha gari kisicho na gari. Alimpenda mume wake wakati ule kuliko siku waliyooana, na alikuwa na hamu ileile ya kwenda ziwani, haikupungua hata chembe.

Twaha ndiye aliyesimama. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

Muda haukutosha. Sponji ya mwisho ilipotoka adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, kwa hiyo wakaingia kwenye bajaji wote wawili, Twaha na sindano mdomoni, akishonea mkono wa kushoto huku dereva akiruka matuta. Mwanamkuu alishika kitambaa, akasoma Ayatul Kursi, akamfokea dereva aende haraka, kisha akamfokea apunguze kwa ajili ya sindano. Alikuwa anacheka peke yake. Walimkuta Severine na funguo mkononi.

Akavaa, akaingia. Safari hii alizama hadi kidevuni, akakwama hapo. Severine, naye akiwa majini, akasema kimebaki kidogo sana, kipande kimoja tu cha risasi. Kilikuwa ukingoni, karibu na viatu vya Twaha.

"Baba, naomba hicho," Severine akamwambia.

Twaha akakiokota. Akakipima kiganjani, na Mwanamkuu akaona uso wake ulivyobadilika alipotambua uzito wake na kazi yake. Angeweza kukirusha. Badala yake alipiga magoti kwenye maji ya ukingoni, suruali ikalowa, akamvuta mkewe karibu, akakichomeka mwenyewe kwenye mkanda wa kiuno chake na kuukaza.

"Nenda, Mama Ismail."

Akaenda. Alishuka taratibu hadi magoti yakagusa vigae, akakaa huko akivuta hewa kama bibi harusi aliyetulia mkekani.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Twaha naye aliona ameshayavulia. Alifunga cherehani akasema anakwenda Kigoma. Haingii majini, atakaa juu. Walifika wakiwa wamevimba miguu kwa safari, na asubuhi yake boti ikawatoa nje ya mji hadi kwenye mwambao wa mawe. Mwanamkuu akajirusha kinyumenyume kabla hajaambiwa.

Huko chini palikuwa na mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Mawe yalipangana kama maghorofa, na kila dirisha lilikuwa na mwenyewe. Samaki aliowauza miaka yote, watatu hapa wanne pale, walikuwa mamia, na rangi zao zilikuwa kali kiasi kwamba aliona aibu kwa wale wa dukani. Alitaka kuwataja wote kwa sauti. Kipumulio kilimzuia.

Severine, aliyekuwa akiwaongoza humo, akamgusa, akanyoosha kidole. Kwenye kivuli cha jiwe alisimama mmoja, mweusi, mkanda wa njano, mashavu yamejaa. Mwanamkuu akashika mwamba, akatulia. Mama yule akazunguka, akaangalia huku na huku, halafu akafungua mdomo. Akatoka mmoja, mweusi mwenye vidoa vyeupe, mdogo kama punje ya haragwe. Kisha wakamwagika wote, wakaanza kudonoa jiwe kana kwamba wamekuwepo siku zote.

Mwanamkuu akacheka. Alicheka hadi maji yakaingia kwenye miwani. Mapovu yakawatisha watoto, wakamkimbilia mama, akawafungulia mdomo, wakaingia. Na Mwanamkuu aliponyamaza, akawatema tena, hai, wote.

Alipoibuka juu Twaha alikuwa ameinama nje ya boti kiasi kwamba nahodha amemshika shati kwa nyuma. Mwanamkuu akang'oa kipumulio, akavuta pumzi ya kusimulia kuanzia mwanzo.

"Umewaona," Twaha akasema.

Akamwuliza amejuaje.

"Mapovu yalikuwa yanakuja mojamoja, ya kupumua. Halafu yakaja yote pamoja. Nikamwambia nahodha, mke wangu anacheka huko."